Kano za Bega Zilizochanika: Lini Kisu, Lini Mazoezi

Maumivu ya bega ni miongoni mwa maradhi yanayomwondoa mtu kazini kimyakimya. Mgonjwa hana homa, hana jeraha, wala hakufungwa bandeji. Akiwa ameketi huonekana mzima. Lakini mwalimu hushindwa kuandika sehemu ya juu ya ubao, karani hushindwa kuteremsha faili kwenye rafu, mvuvi hushindwa kutupa kimia, na mama hushindwa kujifunga kanga au kuchana nywele zake. Wapo wanaoligundua tatizo msikitini, pale wanapoinua mikono kwa takbira, mmoja ukafika na wa pili ukasita njiani. Usiku ndio mbaya zaidi, kwani mgonjwa hawezi kulalia upande ule na aghalabu huamshwa na maumivu kabla ya alfajiri.

Sababu za maumivu hayo ni nyingi, na moja kati ya zilizo kubwa ni kuchanika kwa kano za bega. Hali hiyo inatibika. Hata hivyo, swali linalowashughulisha wagonjwa na jamaa zao ni kama mgonjwa apasuliwe, au atibiwe kwa mazoezi na dawa. Swali hilo lina uzito wa pekee kwa mkaazi wa visiwani, kwa kuwa upasuaji wa aina hii huweza kumaanisha rufaa, safari ya bahari, matumizi ya akiba na miezi kadhaa ya kutofanya kazi. Mtu anaweza kuuza kiwanja kwa ajili ya upasuaji ambao hakuuhitaji. Kwa upande wa pili, anaweza kukaa nyumbani mwaka mzima akikandwa kwa mafuta, hadi kano iliyokuwa ikishoneka ikawa haishoneki tena. Makosa yote mawili yanaepukika iwapo mgonjwa atafahamu jambo moja la msingi, nalo ni namna kano yake ilivyochanika.

KANO NI KITU GANI

Katika mazungumzo ya kila siku neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Mrija wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, na hata ngiri huitwa mshipa. Kano si mojawapo ya hayo. Kano ni ugwe mweupe, mgumu, unaoufunga msuli kwenye mfupa. Mwenye kuchinja anaijua vyema kutokana na mguu wa ng'ombe.

Bega limeumbwa tofauti na nyonga. Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, ilhali kitako kinachokipokea kwenye kombe la bega ni kidogo na hakina kina, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Umbile hilo ndilo linalouwezesha mkono kuzunguka kila upande, na ndilo pia linaloliacha bega bila ya ulinzi wa mfupa. Ulinzi wake ni misuli minne itokayo kwenye kombe la bega: mmoja mbele, mmoja juu na miwili nyuma. Kano za misuli hiyo hukutana na kukivika kichwa cha mfupa kama kofia. Kazi yake ni kukibana kichwa hicho mahali pake wakati msuli mkubwa wa nje unapouinua mkono. Kano ya msuli wa juu ndiyo inayochanika zaidi kuliko nyengine.

Kuchanika huko hutokea kwa njia mbili, na tofauti baina yake ni kubwa. Njia ya kwanza ni ajali: mchumaji karafuu ameteleza akajining'iniza kwa mkono mmoja, mpanda baiskeli ameangukia bega, au kuli amedaka gunia lililokuwa likiporomoka. Mkono uliokuwa mzima asubuhi unakuwa hauinuki jioni. Njia ya pili ni kuchakaa. Kano husagika kidogo kidogo kwa umri na kwa kazi, kama kamba ya ngalawa inavyolika pale inapopita kwenye ubao, hadi nyuzi zake zikaachana pasipo mwenyewe kuweza kuitaja siku wala saa.

Kuchakaa huko ni jambo la kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2013 wataalamu wa Japani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wakaazi 664 wa kijiji kimoja, wenye maumivu na wasio na maumivu, waliopimwa mabega yao kwa ultrasaundi. Watu 147, yaani zaidi kidogo ya mmoja katika kila watano, walikuwa na kano iliyochanika unene wake wote. Miongoni mwa wenye umri chini ya miaka 50 hakupatikana hata mmoja. Kwa wenye miaka ya sitini walikuwa 15 katika kila mia, na kwa wenye miaka ya themanini walizidi theluthi moja. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba takriban theluthi mbili ya waliokutwa na kano zilizochanika hawakuwa wakiumwa na chochote.

Hivyo basi, picha inayoonyesha kano iliyochanika si hukumu. Mzee wa miaka 70 anayepewa karatasi ya namna hiyo hapaswi kuondoka hospitali akiamini kwamba amekatika mkono. Pengine kano hiyo ilikwishachanika miaka kumi iliyopita, naye akaendelea kulima na kuswali bila ya kuhisi lolote.

UCHUNGUZI

Si kila bega linalouma lina kano iliyochanika. Bega lililokakamaa, ambalo huwapata zaidi watu wa umri wa kati na hasa wenye kisukari, linafanana sana na hili, lakini tiba yake ni nyengine. Daktari huweza kuyatofautisha kwa jaribio jepesi. Mgonjwa huulegeza mkono, na daktari akauinua taratibu. Ikiwa kano imechanika, aghalabu mkono hupanda ukiinuliwa na mtu mwengine, ila mwenyewe hawezi kuuinua wala kuushikilia huko juu. Ikiwa bega limekakamaa, mkono haupandi kwa yeyote. Jaribio hilo lisifanywe nyumbani kwa mtu aliyeanguka, kwani huenda mfupa umevunjika.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa na haionyeshi kano. Hata hivyo haipuuzwi, maana humwambia daktari kama pana mfupa uliovunjika, na kama kichwa cha mfupa kimepanda juu kuliko kawaida, ambayo ni dalili ya kano zilizochanika kwa upana na kwa muda mrefu. Ultrasaundi, ambayo wengi wanaifahamu kwa wajawazito, huonyesha kano vizuri iwapo anayeitumia amefunzwa kulitazama bega. Kipimo cha MRI kinaongeza jambo moja muhimu, nalo ni hali ya msuli wenyewe. Msuli ambao kano yake imekatika kwa muda mrefu hunywea, na nyama yake hugeuka mafuta. Msuli uliofikia hali hiyo haurudi kuwa kama zamani, hata kano yake ikishonwa na fundi hodari kiasi gani.

TIBA ISIYO YA UPASUAJI

Kutopasuliwa si sawa na kutotibiwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mgonjwa anayeambiwa "hakuna haja ya upasuaji" hurudi nyumbani na vidonge vya wiki moja, akasubiri, na baada ya miezi mitatu akalalamika kwamba tiba ya mazoezi haikumfaa, ilhali hakufanya mazoezi.

Ni haki kusema wazi kwamba mazoezi hayaungi kano iliyokatika. Mazoezi huifunza misuli iliyobakia kuchukua kazi ya ile iliyopotea, huuimarisha msuli mkubwa wa nje, na huliweka kombe la bega katika mkao unaouruhusu mkono kupanda bila ya kubanwa. Ndiyo maana mtu mwenye kano iliyochanika anaweza kuuinua mkono wake bila ya maumivu, na picha yake ikabakia vile vile.

Mazoezi huanza kwa upole. Mgonjwa huinama akishikilia meza kwa mkono mzima, na mkono mgonjwa akauacha uning'inie na kubembea kama timazi. Kisha husimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa kutambaza vidole, kila siku juu kidogo kuliko jana. Maumivu yakipungua huingia mazoezi ya nguvu: kuvuta ukanda wa mpira uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, kwanza kuelekea ndani na kisha kuelekea nje. Ukanda maalumu ukikosekana, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli hutosha. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayepanga hatua hizo na kuzirekebisha, lakini mwenye kuzifanya kila siku ni mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, kwa muda wa wiki sita hadi kumi na mbili. Kwa hakika ni tiba ya bei nafuu yenye gharama kubwa ya subira.

Dawa za kutuliza maumivu humsaidia mgonjwa kulala na kufanya mazoezi. Dawa za jamii ya diklofenaki zisitumiwe kwa muda mrefu bila ya ushauri wa daktari, hasa kwa wenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au maradhi ya figo. Sindano ya steroidi ndani ya bega huleta nafuu ya wiki kadhaa, na nafuu hiyo ni nafasi ya kufanyia mazoezi, si badala yake. Haifai kurudiwa rudiwa, kwa sababu huidhoofisha kano, na kwa mwenye kisukari huipandisha sukari kwa siku kadhaa.

Ama kukandwa na kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu au ya nazi, hakuna ubaya iwapo ni kwa upole, na wengi hupata raha. Ubaya uko katika mambo mawili: kuuvuta kwa nguvu mkono wa mtu aliyeanguka, na kuufanya mkando huo kuwa sababu ya kuchelewa kwenda hospitali.

UPASUAJI

Kushona kano za bega si jambo jipya. Daktari Ernest Amory Codman wa Boston, Marekani, alichapisha taarifa za upasuaji huo mwaka 1911. Daktari huyo alijulikana pia kwa jambo jengine lililomletea uadui na wakubwa wake: alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa baada ya tiba, ili ijulikane kama tiba ilimfaa au haikumfaa. Mwaka 1914 alijiuzulu katika hospitali yake kwa ajili ya msimamo huo. Mjadala wa leo juu ya kisu na mazoezi unategemea njia ile ile aliyoidai.

Katika upasuaji wa sasa mgonjwa hulazwa usingizi, au hupigwa ganzi ya mkono mzima, au vyote viwili. Daktari huifikia kano kwa kukata sehemu ndogo juu ya bega, au kwa kupitisha kamera na vifaa vyembamba katika matundu madogo. Huisafisha kano, huivuta hadi mahali pake, na huikaza kwenye mfupa kwa nyuzi zilizotiwa katika vigingi vidogo vinavyokitwa ndani ya mfupa huo. Watu wengi huamini kwamba njia ya kamera ni bora kwa kuwa ni ya kisasa. Utafiti mkubwa wa Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulizilinganisha njia hizo na haukuona tofauti katika hali ya wagonjwa baada ya miaka miwili. Mgonjwa, basi, hana sababu ya kusafiri mbali zaidi au kulipa zaidi kwa ajili ya udogo wa tundu peke yake.

Kazi kubwa huanza baada ya kushonwa. Kano huungana na mfupa polepole mno. Mkono hukaa katika kitambaa cha kuning'iniza kwa wiki nne hadi sita; katika kipindi hicho mgonjwa hauinui kwa nguvu zake, habebi ndoo, hashiki usukani, wala hajiegemezi kwao anapoinuka. Sijida kwa kuukandamiza mkono huo chini haimfai, na dini haikumkalifisha mgonjwa asiloliweza. Mazoezi ya kuuinua mwenyewe huanza baada ya wiki sita hivi, ya nguvu baada ya wiki kumi na mbili, na kazi nzito aghalabu husubiri miezi sita au zaidi.

Aidha, kushonwa si dhamana ya kuungana. Katika utafiti huo wa Uingereza, takriban wagonjwa wawili katika kila watano waliopigwa picha baada ya upasuaji walikuwa na kano isiyoungana au iliyochanika tena. Kadiri tundu lilivyo kubwa na umri ulivyo mkubwa, ndivyo hatari hiyo inavyozidi. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 18 walioshonwa kano zilizochanika kwa upana mkubwa. Kwa 17 kati yao zilikuwa zimeachia tena. La ajabu ni kwamba wengi wao walikuwa wamepata nafuu ya maumivu hata hivyo. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa hupunguza uwezo wa kano kuungana, na mvutaji anayengojea tarehe ya upasuaji ana kazi ya kufanya kabla ya daktari hajafanya ya kwake. Kuna pia hatari za kawaida, ambazo ni uambukizo, bega kukakamaa na zile za dawa ya usingizi, ingawa nyingi hazitokei mara kwa mara.

Kwa mnasaba huo, ipo aina ya upasuaji inayohitaji tahadhari. Kwa miongo kadhaa wagonjwa wengi duniani walipasuliwa ili kukwanguliwa mfupa wa juu ya bega, kwa hoja kwamba mfupa huo ndio unaozisugua kano. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 313 wenye maumivu ya aina hiyo. Baadhi yao walikwanguliwa mfupa, na wengine waliingizwa kamera tu bila ya kukwanguliwa chochote. Makundi hayo mawili yalipata nafuu iliyo sawa. Mgonjwa ambaye kano zake hazikukatika, na anayeshauriwa kukwanguliwa mfupa peke yake, ana haki ya kuuliza sababu.

MATOKEO YA KULINGANISHA

Nchini Finland watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa wenye umri wa zaidi ya miaka 55, ambao kano yao ya juu ilichanika bila ya ajali, katika makundi matatu: mazoezi peke yake, kukwanguliwa mfupa pamoja na mazoezi, na kushonwa kano, kukwanguliwa mfupa na mazoezi. Mabega yalikuwa 180. Baada ya mwaka mmoja hali ya bega ilipimwa kwa kipimo chenye alama 100 kinachojumuisha maumivu, nguvu na mwendo wa mkono. Kundi la kwanza lilipata wastani wa alama 74.1, la pili 77.2 na la tatu 77.9. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuhesabiwa kuwa ni faida ya kisu. Matokeo ya miaka miwili, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalikwenda mwendo huo huo.

Nchini Marekani kundi la wagonjwa 452 wenye kano zilizochanika bila ya ajali lilianzishwa mazoezi na kufuatiliwa. Baada ya miaka miwili waliokuwa wamepasuliwa hawakufika robo, na baada ya miaka kumi walizidi robo kidogo tu. Katika miaka hiyo miwili ya mwanzo, kilichobashiri zaidi nani ataomba upasuaji hakikuwa ukubwa wa tundu wala ukali wa maumivu, bali imani ya mgonjwa juu ya mazoezi. Aliyeanza akiamini kwamba hayatamfaa ndiye aliyeyaacha. Watumishi wa afya wanaomkabidhi mgonjwa karatasi ya mazoezi kwa maneno ya "haya, jaribu hivi kwanza" wanapaswa kuliangalia hilo.

Lau ushahidi ungekomea hapo, jibu lingekuwa rahisi. Lakini upo utafiti wa Norway unaokataza kulifanya rahisi. Wagonjwa 103, ambao kano zao zilichanika kwa upana usiozidi sentimita 3, waligawanywa kwa kura, wengine washonwe na wengine wafanye mazoezi. Tofauti na ule wa Finland, utafiti huu uliwachanganya walioumia kwa ajali na wasioumia. Baada ya miaka mitano tofauti ilikuwa ndogo, ijapokuwa waliokwenda kwenye mazoezi 51, na 12 kati yao walikuwa wameomba kupasuliwa baadaye. Miongoni mwa wasiopasuliwa kabisa, zaidi ya theluthi moja tundu lao lilikuwa limekua kwa zaidi ya milimita 5, na hao ndio waliokuwa na hali duni. Matokeo ya miaka kumi yalichapishwa mwaka 2019. Walioshonwa tangu mwanzo walikuwa mbele kwa alama 9.6 na maumivu yao yalikuwa machache zaidi, na waliochelewa kushonwa walibakia nyuma yao kwa alama 10.

Kwa pamoja tafiti hizi hazipingani kama inavyoonekana. Mtu wa miaka 65 ambaye kano yake imechakaa hapotezi kitu cha maana kwa kuanza na mazoezi ya miezi mitatu, na uwezekano mkubwa ni kwamba hatahitaji zaidi ya hayo. Mtu wa miaka 45 anayeishi kwa nguvu za mkono wake ana miaka ishirini ya kazi mbele yake, na kwake tundu linalokua ni hasara ya kweli. Naye anaweza kuanza na mazoezi, ila arudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, na asingoje mkono udhoofu ndipo aulizie daktari bingwa. Mzee ambaye msuli wake umekwisha kugeuka mafuta hana cha kushonwa; mazoezi ndiyo yake, na iwapo hayakumfaa, zipo tiba nyengine za bega ambazo daktari bingwa atamweleza.

MWENYE AJALI ASINGOJE

Aliyeanguka au kuvutwa mkono, ukawa ghafla hauinuki, si wa kungoja miezi mitatu. Kano iliyokatika kwa ajali katika bega lililokuwa zima hurudi nyuma kuelekea kwenye msuli wake kama mpira uliokatwa, na kila mwezi unaopita inakuwa ngumu zaidi kuivuta. Madaktari wengi hupendelea kuishona ndani ya wiki chache, na hawapendi ipite miezi mitatu au minne. Hata hapa hukumu si moja: utafiti wa Sweden wa mwaka 2020, uliohusu wagonjwa 58 wenye matundu madogo yaliyotokana na ajali, haukuona tofauti baina ya kushona na mazoezi baada ya mwaka mmoja. Lakini udogo wa tundu haujulikani kwa kutazama kwa macho. Unajulikana kwa kipimo, na kipimo kinahitaji mgonjwa afike hospitali mapema.

Tahadhari hiyo inamhusu pia mtu aliyepindukia miaka 40 ambaye bega lake limeteguka. Bega likisharudishwa, watu hufurahi na mambo yakaishia hapo, ilhali katika umri huo kano mara nyingi huchanika pamoja na kuteguka. Iwapo wiki mbili zimepita na mkono bado haupandi, arudi akapimwe. Kwa wakati wa karafuu jambo hili lina uzito wake. Mchumaji aliyeanguka katika wiki ya kwanza ya msimu huvumilia hadi karafuu zimekwisha kuanikwa, na kufikia hapo muda mzuri wa kushona unaweza kuwa umekaribia kwisha.

KABLA YA KUSAFIRI

Mgonjwa huanzia katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu naye. Kwa upande wa Unguja hospitali kuu ya rufaa ni ya Mnazi Mmoja; kwa Pemba zipo hospitali za Wete, Chake Chake na ile ya Abdulla Mzee iliyopo Mkoani. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo taasisi ya taifa ya mifupa kwa upande wa Dar es Salaam. Kabla ya kukubali rufaa ya upasuaji inafaa mgonjwa, au mtoto wake anayemsindikiza, aulize kano ipi imechanika na kwa upana gani. Msuli wake uko katika hali gani. Na kama hakufanya mazoezi yaliyosimamiwa, kwa nini yasitangulie. Watumishi wa Serikali waulize mapema ni gharama zipi zinazolipwa na mfuko wao wa huduma za afya na zipi watazibeba wenyewe, pamoja na nauli ya msindikizaji na makaazi.

Swali linalosahauliwa zaidi ni la baada ya safari. Kano iliyoshonwa Dar es Salaam itafanyiwa mazoezi Micheweni au Makunduchi kwa miezi minne hadi sita, na upasuaji usiofuatiwa na mazoezi ni nusu ya tiba. Mgonjwa ajue kabla hajaondoka ni hospitali ipi itakayompokea kwa fiziotherapia, na ni nani nyumbani atakayechota maji na kubeba mizigo katika wiki sita za mwanzo. Mtumishi amwarifu mkuu wake wa kazi kwa barua ya daktari, inayotaja muda wa mapumziko na pia muda wa kazi nyepesi utakaofuata; mwalimu, mathalan, anaweza kurudi skuli kusahihisha madaftari wiki nyingi kabla ya kuweza kuandika ubaoni. Na siku ya kuruhusiwa, kabla ya kupanda boti ya kurudi, aombe karatasi iliyoandikwa na daktari aliyempasua, yenye jina la kano iliyoshonwa, tarehe ya kuvua kitambaa, tarehe ya kuanza kuuinua mkono mwenyewe, na mambo aliyokatazwa hadi siku hiyo. Karatasi hiyo aikabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali yake, na nakala abaki nayo.